Vidole Vinne Juu ya Gurudumu

Walisema sitaweza. Walisema Kitwe si Ulaya, ni hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na mtu anayekwenda kusoma mahali ambako hata lori la mahindi linafika kwa siku moja hawezi kurudi na akili mpya. Atarudi na koti, walisema. Nilipofaulu mwaka wa kwanza, wakasema sitafika wa pili. Nilipofika wa tatu, nikiosha magari ya watu asubuhi ili nilipe karo, wakasema diploma ya Zambia haitasomeka Lubumbashi kwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza. Na niliporudi nayo ndani ya fremu ya kioo, nikafungua garaji yangu mwenyewe katika komini ya Kenya, mtaa wa hapo hapo Lubumbashi, walisimama barabarani wakaitazama fremu ile, na mmoja akasema bila kushusha sauti: "Miezi sita tu. Atatengenezaka mapikipiki."

Sijawahi kutengeneza pikipiki. Ninasema hivyo si kwa kudharau pikipiki, bali kwa sababu nilijua tangu mwanzo kazi niliyozaliwa nayo. Mimi natengeneza magari ya kizamani, yale ambayo mafundi wengine wanayaona yamesimama chini ya turubai katika parsele, nyua za watu, wanayapita. Mimi siyapiti.

Uwanja niliopanga, zamani ulikuwa nganda, mahali pa bia na rumba. Mwenye nganda alipofariki, watoto wake waliuza viti, friji, hata mabati ya paa, lakini sakafu hawakuweza kuiuza. Ilikuwa sakafu ya saruji nyekundu, iliyopakwa nta miaka mingi na kusuguliwa na viatu vya wacheza dansi hadi ikawa laini kama sahani. Asubuhi za majira ya baridi, ukungu mwembamba ulikuja kulala juu yake, na nilipofagia niliona alama ndogo ndogo za visigino vya wanawake, mviringo kwa mviringo, kama mvua iliyoanza kunyesha ikasahau kuendelea. Nilipenda kusimama pale na chai yangu kabla ya kelele za soko kuanza. Niliwaza kwamba watu walizunguka hapa wawili wawili, na sasa nitazunguka mimi na magari.

Sikuanza kwa mikono mitupu, na sioni aibu kulisema. Mjomba wangu, anayelima mahindi kando ya barabara ya Kinsevere, aliuza mbuzi wake ili nilipe kodi ya uwanja. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, aliniazima kriki yake kubwa ya kunyanyulia magari, akanikopesha na pesa za vifaa juu yake. Lakini mkopo mzito ulikuwa wa dada yangu mkubwa, yaya wangu, anayeuza unga katika soko la Kampemba. Yeye na wanawake wenzake wana likelemba: kila mmoja anatoa kiasi kila mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea chote. Yaya aliomba zamu yake kabla ya wakati, akanipa yote, akaweka meza yake ya unga rehani mbele ya wenzake. Walimpa hadi mkutano wa Jumapili fulani. Pesa zisiporudi siku hiyo, jina lake linafutwa na meza inakuwa ya mwingine.

"Usiniambie asante," aliniambia. "Uniambie Jumapili."

Basi nilikuwa na Jumapili moja ya kuifikia, na wiki tatu kabla yake ndipo gari lilipokuja.

Lililetwa kwa kamba, likivutwa na lori dogo la mchanga. Gari la Kifaransa, rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi, pua imeinama kama mtu anayetafuta sarafu barabarani. Nyuma yake walishuka mzee mmoja na mke wake. Mzee alikuwa mstaafu wa reli, mwana wa mfanyakazi wa reli, watu wa kaskazini, Wakatoliki ambao hawaanzi hata kuvuka barabara bila kufanya ishara ya msalaba. Alitoa picha kutoka ndani ya kitabu chake cha sala. Ndani ya picha gari lilelile lilikuwa limesimama mbele ya kanisa, na kando yake bibi harusi mwembamba, mrefu, ameweka mkono juu ya gurudumu la mbele.

"Jumamosi tatu toka leo tunafikisha miaka makumi tano ya ndoa," alisema mzee. "Minataka tuende ku misa na ile motoka. Ikuwe vile ilikuwa. Pua ikamate mahali yake. Nitakupa kiloko, kidogo tu, ya vifaa leo. Ingine, yote, siku itasimama vile iko ku picha."

"Na isiposimama, papa?"

"Nitakodi jeep mweupe ya bantu ya ndoa. Na weye utabaki na diploma yako ku kioo."

Nilipiga hesabu kichwani. Hiyo "ingine, yote" ilitosha wakopeshaji wangu wote watatu. Nikamwambia mzee kwamba hakuna fundi mwingine kutoka Lubumbashi hadi mpakani aliyesoma mambo ya kusimamisha pua ya gari kama nilivyosoma mimi. Ilikuwa kweli, na hata leo ni kweli.

Mama, mke wa mzee, alikuwa ameshafika karibu na gari. Aliligusa kwa kiuno chake.

"Ilikuwa inanifika hapa," akasema, akigusa nyonga. "Sasa inanifika hapa," akagusa kiuno. "Imepanda."

"Haikupanda, mama. Imeanguka pua, uangalie!" mzee akajibu. "Weye njo umepunguka, ni weye."

"Miye? Miye sikupunguka hata siku moja."

"Ulikuwa murefu kuniliko. Hata padri alisema."

"Padri alisema vile juu weye ulikuwa mufupi."

Walibishana vile, kwa raha, kama watu wanaopitishiana kikombe. Kisha mama akaitazama picha kwa muda, akainama, akaingiza vidole vinne vya mkono wake kati ya tairi na madigadi. Havikuingia, pua ilikuwa imelala mno. "Siku ile viliingia," alisema. "Vine. Nilikuwa naogopa, minasema niishike isikimbie na miye."

Nikamwambia: vidole vinne, mama, nimeandika.

Kwa mtu asiye na diploma, picha ni picha. Kwangu ilikuwa karatasi ya vipimo. Rimu ya gurudumu haizeeki wala haipunguki. Nilipima rimu ya kwenye picha kwa rula ya shule, nikapima rimu halisi kwa futi, nikajua picha imepunguza dunia mara ngapi. Baada ya hapo nafasi kati ya tairi na madigadi ilitoka yenyewe kwenye daftari, na nilipoiweka kando ya vidole vya mama, nilivyovipima kwa ruhusa yake, vikiwa na vifundo vilivyovimba na pete isiyotoka tena, tofauti ilikuwa unene wa sarafu. Nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Kuna siku hesabu inakuja kama mgeni uliyemwota.

Gari lile halina springi mbele. Lina bare mbili, yaani fito mbili nene za chuma, kila moja ndefu kama mguu wa mtu mzima, zimelala chini ya sakafu ya gari, moja kushoto na moja kulia. Mwisho wa mbele wa bare umeshika mkono wa gurudumu. Mwisho wa nyuma umefungwa kwenye wenzo wenye skrubu. Gurudumu likipanda jiwe, bare inajisokota kama nguo inayokamuliwa, kisha inajirudisha. Ukikaza skrubu unaisokota kidogo tangu mwanzo, na pua ya gari inanyanyuka. Ukilegeza, inashuka. Nusu mzunguko, unene wa kidole. Ni kazi ya upole. Hakuna nyundo ndani yake. Unakaza, unashusha gari kutoka kwenye kriki, unalisukuma mbele na kulirudisha ili magurudumu yakae, unaliegemea mara tatu kama unayemtikisa mtu aliyelala, ndipo unapima. Kisha unaanza tena.

Lakini kwanza sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu. Ilibidi kung'oa bare, viti na usukani, ili jirani yangu akate bati bovu na kuchomelea jipya. Usukani tukaupeleka kwa fundi wa ngozi huko Kampemba aushone upya. Jirani yangu ni mtu mnene, mwenye sauti ya kengele, na tangu nilipohamia pale hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Diploma! Hii bare niweke wapi?"

"Iandikie karatasi. Kwetu Kitwe kitu hakitoki kwenye gari bila kuandikiwa."

"Niandike nini?"

"Imetoka upande gani?"

"Upande ya chauffeur. Na hii ya patron."

"Basi andika hivyohivyo."

Akaandika: CHAUFFEUR kwenye karatasi moja, PATRON kwenye ya pili, akazifunga kwa waya. Huko kwetu ndivyo mafundi wanavyosema. Hawasemi kushoto wala kulia, kwa sababu fundi aliyesimama mbele ya gari na fundi aliyelala chini yake hawana kushoto kumoja. Chauffeur na patron hawabadiliki: dereva yuko kwake, tajiri anayeendeshwa yuko kwake. Ni lugha nzuri. Nilikuwa naifahamu kabla sijaanza kuota ndevu.

Jirani yangu, kwa wema wake, alizisugua bare hadi zikang'aa, akazipaka rangi nyeusi nzito. Zilikuwa nzuri sana. Rangi ilifunika kila kitu, hata alama ndogo zilizogongwa kwenye ncha zake na waliozitengeneza.

Wiki ya mwisho niliingia chini ya gari, nikalala chali kwenye sakafu ile nyekundu, nikaziweka bare mahali pake. Jumatatu nilianza kutafuta kimo. Nilijaza maji kwenye mpira mrefu unaopitisha mwanga, ule wa waashi, nikapima sakafu pembe kwa pembe. Kutoka mwisho hadi mwisho wa mahali pa dansi, maji yalisimama sawa pande zote mbili. Aliyemwaga saruji ile alikuwa fundi kama mimi. Nilijaza hewa matairi yote kwa kipimo kimoja, nikatia mafuta nusu tangi, nikarudisha gurudumu la akiba nyuma, kwa sababu gari tupu linadanganya. Kisha nikaanza. Kaza, shusha, sukuma, egemea, pima.

Mchana ule sitausahau. Jua la majira ya baridi lilikuwa jepesi, la manjano, na vumbi la barabara lilielea ndani yake bila haraka. Kila nilipolisukuma gari mbele na kulirudisha, lilitoa mlio mdogo wa matairi kwenye nta, na mlio ule ulifanana na viatu. Nilifumba macho nikiwa na mikono juu ya boneti. Nilihisi nikicheza na kitu kizito, chenye adabu, kinachofuata mkono wangu. Pua ilipanda kidole, ikapanda kidole kingine. Saa tisa alasiri, vidole vinne vya mkono wangu viliingia kushoto, vikaingia kulia, bila kubanwa na bila kucheza. Nilikaa chini nikaliangalia. Gari liliniangalia. Lilikuwa limeinua uso.

Jumanne asubuhi lilikuwa limeinama.

Si sana. Upande mmoja kidole, upande wa pili zaidi ya kidole. Nikasema ni kawaida, bare zilikaa muda mrefu bila kazi, zinanyoosha mwili. Nikakaza tena, nikapima tena, jioni vidole vinne. Jumatano asubuhi lilikuwa limeinama zaidi ya jana, limeegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukutani, na skrubu zilikuwa zimebaki na meno machache tu. Nikikaza mara moja zaidi hakutakuwa na pa kukaza tena.

Nilitembea kulizunguka. Nilifungua vitabu vyangu vya Kitwe, vyote. Nilijua kila kilichoandikwa mle, na ndiyo maana nilifikia neno ambalo mtu anayejua kila kitu analifikia haraka: kosa ni la mwingine. Nikavuka uwanja hadi kwa jirani yangu.

"Soudure yako imelegea," nikamwambia. "Umechomelea sakafu, sakafu inazama na gari langu linazama nayo."

Aliinua kofia yake ya chuma. Wateja wake wawili walikuwa pale, wanangoja geti lao.

"Soudure yangu?"

"Nimepima kila kitu. Kilichobaki ni kazi yako."

"Diploma, hii mikono imechomelea mageti ya nusu ya Kenya. Hakuna geti imeanguka."

"Gari si geti."

Hakupaza sauti, na yeye ndiye mwenye sauti ya kengele. Alikuja, akalala chini ya gari na tochi, akagonga kila mshono wake kwa nyundo ndogo huku akisikiliza. Akatoka, akajipangusa magoti. "Iko muzima," alisema. "Sasa unatafuta muntu wa kuangukia. Hapana miye." Akarudi kwenye geti lake, na siku ile nzima hakuniita kwa jina lolote.

Yaya alipita jioni na mfuko wa unga kichwani. Aliliona gari, akaniona mimi. Alisema tu kwamba yule mwanamke anayefuata kwenye zamu ameshaanza kuisifia meza yake, kwamba iko mahali pazuri, kwenye kivuli.

Alhamisi asubuhi viti vilirudi kutoka kwa fundi wa viti. Kiti cha mbele cha gari lile ni kimoja kirefu, kama benchi, kutoka mlango hadi mlango. Nilikifunga, na nilikuwa bado nakiangalia pale mama alipofika. Mzee alikuwa kwa padri, akipanga mambo ya misa. Yeye alitaka kukaa kidogo ndani ya gari, alisema, ili mwili uzoee. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha buluu. Niliona pua ya gari iliyoinama, nikatamani aje siku nyingine, lakini nina adabu: nilitangulia, nikafungua mlango wa mbele, nikainama kidogo kama nilivyozoea kuwafungulia wateja wa garaji ya Kitwe.

Hakuingia. Alisimama akishikilia mkoba wake kwa mikono miwili, na uso wake wote ukaanza kucheka taratibu, kuanzia machoni.

"Mwanangu," alisema, "unataka miye njo niendeshe?"

"Vipi, mama?"

"Hii ni upande ya chauffeur. Miye njia yangu iko kule."

Nikauangalia mlango. Ulikuwa mlango wa kushoto. Kwetu Kongo dereva anakaa kushoto. Zambia anakaa kulia. Miaka yangu yote ya Kitwe, kila mara bosi alipopiga kelele "upande wa dereva", mkono wangu ulikwenda kulia. Nililala chini ya mamia ya magari na mwili wangu ulijifunza hivyo bila kuniuliza. Usukani ulikuwa kwa fundi wa ngozi. Benchi lilikuwa benchi tu. Pedali zilikuwepo, naam, mtu mwenye macho angeziona pedali. Lakini mtu aliyelala chali chini ya gari haoni pedali, na mimi nilipozisoma karatasi mbili za jirani yangu, hazikusomwa na macho yangu. Zilisomwa na mkono. Bare ya CHAUFFEUR niliiweka kulia.

Nilimfungulia mama mlango wake. Akaingia, akajinyoosha, akaweka mkoba mapajani, akafumba macho. Nilimwomba akae anavyotaka, ila gari litapanda kidogo kwenye kriki. "Panda tu," alisema. "Hata siku ile nilikuwa naona kama napaa." Akakaa mle ndani juu ya kriki karibu nusu saa, amefumba macho, anatabasamu, huku mimi nikiwa chini yake, nikikwangua rangi nyeusi kwenye ncha za bare kwa kisu.

Chini ya rangi palikuwa na mishale. Kila bare ina mshale wake, unaoonyesha upande inaosokotwa. Mishale yote miwili ilikuwa inapinga kazi niliyoipa. Bare iliyozoeshwa tangu kiwandani kusokotwa kwa upande mmoja, ikabeba gari kwa miaka yote ile ya ndoa ya watu, mimi nilikuja nikaisokota kinyume. Ilikuwa inalegea siku kwa siku kwa sababu hiyo. Ningeendelea, ingekatika, labda Jumamosi, labda barabarani na mama ndani yake. Nililala pale na kisu kifuani. Juu yangu nilisikia mama akiimba polepole kwa pua, wimbo wa kanisa usio na maneno.

Alipokwenda nilizitoa, nikakwangua rangi yote iliyobaki. Sikujua kama siku tatu zile zimeziumiza, na ufa wa chuma hauonekani kwa macho. Lakini njia ninayo. Nilizipaka mafuta mepesi ya taa, nikaziacha zinywe, nikazipangusa hadi zikakauka. Kisha nikasaga chaki nyeupe ya shule nikazipaka zote, ncha hadi ncha. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake yanatoka taratibu, yanachora mstari mweusi kwenye chaki. Nikaziegemeza ukutani kwenye jua. Zilisimama pale kama mishumaa miwili ya Pasaka. Nikakaa mbele yake nikangoja. Kelele za soko zilikuwa mbali sana, kama zinatoka chini ya maji. Wakati fulani nadhani nilisinzia, kwa sababu niliona mistari myeusi ikikua juu yake kama mizizi, ikashuka sakafuni, ikafuata alama za visigino hadi barabarani na kuelekea Kampemba, kwenye meza ya unga. Niliposhtuka, chaki ilikuwa nyeupe tupu. Nilizigeuza, nikazitazama kwa karibu hadi pumzi yangu ikaacha unyevu juu yake. Nyeupe tupu.

Kazi iliyobaki niliijua. Lakini kabla yake palikuwa na nyingine, na sikuwa nimeisomea.

Jirani yangu alikuwa anachomelea. Nilisimama nyuma ya cheche zake hadi akazima.

"Kosa ni langu," nikasema. "Niligeuza bare. Karatasi zako zilikuwa sawa. Na soudure yako haina tatizo."

"Sema tena," alijibu kutoka ndani ya kofia ya chuma. "Hii kitu inafunga masikio."

Nikasema tena, kwa sauti zaidi. Watu wa geti walikuwa pale tena, walewale.

"Na Kiingereza? Ile ya diploma?"

Nikasema na kwa Kiingereza. Aliinua kofia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na alikuwa anajizuia kucheka kwa nguvu zake zote.

"Mwenye kusoma anaweka chauffeur ku kiti ya patron," aliwaambia watu wa geti, "patron anashangaa juu ya nini motoka haitembei." Kisha akaniambia: "Twende, Diploma. Nitakushikilia."

Alhamisi jioni na Ijumaa nzima tulifanya kazi pamoja. Yeye alishikilia mkono wa gurudumu mahali pake, mimi niliingiza bare jino kwa jino. CHAUFFEUR kushoto. PATRON kulia. Skrubu zikaanza upya, katikati ya njia yake. Kaza, shusha, sukuma, egemea, pima. Safari hii alisukuma yeye, na alisukuma kama mtu anayejua rumba; alikuja hapa zamani, alisema, akiwa kijana mwembamba, nisingeamini. Ijumaa asubuhi usukani ulirudi kutoka kwa fundi wa ngozi, na saa nane vidole vinne viliingia pande zote mbili. Hatukushangilia. Jumamosi kabla jua halijatoka vizuri tulisimama wote wawili mlangoni mwa uwanja bila kusogea, ukungu umelala kwenye sakafu, na gari limesimama juu ya ukungu, uso juu, kama tulivyoliacha. Nikaenda, nikainama, nikaweka mkono. Vinne.

Niliendesha mimi mwenyewe. Mzee na mama walikaa nyuma, mama upande wake. Tulipita Kampemba polepole. Watu walisimama, wauza maji walisimama, mwanamke mmoja alipiga vigelegele bila kujua ni arusi ya nani. Gari lilivuka mashimo kama linavuka mito midogo, linazama kidogo na kuibuka. Mbele ya kanisa wakashuka. Gari tupu, kama kwenye picha. Nilikuwa nimelifikiria hilo, kwa sababu watu watatu ndani wangelishusha kidole kizima. Mzee akatoa picha. Mama hakuihitaji. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, akaweka mkono wake wenye vifundo juu yake, akaingiza vidole, akasimama hivyo muda mrefu, anaangalia mlango wa kanisa.

"Haiwezi kukimbia tena," alisema.

Mzee alinilipa kabla ya misa, hapo hapo nje, kwa bahasha yenye jina langu lililoandikwa kwa mwandiko wa watu wa reli. Alisema hataki kuingia kanisani na deni.

Jumapili nilivaa koti langu. Asubuhi nilikuwa kwa mjomba, barabara ya Kinsevere, malori ya mgodi yakipita na vumbi lake. Alizipokea pesa bila kuzihesabu, akanionyesha mbuzi wawili aliokuwa ameshawachagua kwa jirani yake. Mchana nilimlipa jirani yangu, nikamrudishia kriki, akaikagua kila upande mbele yangu, kwa makusudi, kisha akacheka. Saa kumi nilifika Kampemba, kwenye mkutano wa likelemba. Wanawake walikuwa wameketi duara. Nilimpa yaya bahasha. Yeye akaimimina juu ya kanga katikati yao, yote, bila kunipunguzia hata noti moja ya soda. Walihesabu. Yule mwanamke aliyesifia kivuli aliomba zihesabiwe tena.

"Hesabu," yaya alimwambia. "Hesabu hata mara tatu. Vidole unavyo."

Zilihesabiwa. Mwandishi wa kundi akalaza daftari kwenye goti, akaandika, yaya akaweka kidole chake kwenye wino. Kisha akanigeukia, akanitazama kuanzia kola ya koti hadi viatu.

"Haujamaliza," alisema.

"Nani mwingine, yaya? Nilikuwa na watatu."

"Na mama wa maandazi pale kwenye kona yako? Ananiambia tangu Jumatatu unakula maandazi yake na unasema kesho. Alikuwa anakuonea huruma na ile motoka yako iliyoinama."

Wanawake wakaangua kicheko, duara zima. Nilikuwa nimemsahau kabisa. Nilirudi Kenya kwa miguu, nikamkuta kwenye sufuria yake, anageuza maandazi kwa waya mrefu, na nikamwambia nataka kujua ni mangapi. Alihesabu kwa vidole, akaanza upya mara mbili, akasema ni kumi na manne. Nililipa kumi na manne. Akakunja karatasi ya daftari, akatia moja la moto ndani yake, akanipa.

"Hii haiko ku deni," alisema.

Nikalila pale pale nimesimama, nimevaa koti langu.